Mahudhurio ya Kijitoni

Mwalimu Emilian alistaafu baada ya miaka thelathini na minane ya chaki, na wiki mbili za kukaa nyumbani zikamtosha. Nyuma ya nyumba yake, hapo Mbulu mjini, hupita kijito ambacho watu walikichimba mchanga, wakaoshea humo pikipiki, wakakitupia kila kilichowashinda. Kingo zilikuwa zinamegeka kila mvua. Mwalimu akapanda mikuyu na mizambarau, na chini karibu na maji akapanda matete ya kushika udongo.

Kwa kuwa hakujua kutunza kitu bila kukiita, alifungua daftari la mahudhurio. Kila asubuhi saa moja na nusu alisimama ukingoni, akaita namba ya kila mche, akaitikia mwenyewe kwa niaba yake. Matete yalikuwa darasa la kwanza, maana yalikuwa mengi na hayatulii. Mikuyu ilikuwa la saba. Kila kaya jirani ilipewa wanafunzi wachache na kutia saini kama mzazi. Hakuna aliyekataa, maana karibu wote aliwahi kuwachapa darasani.

Mbuzi wa Mama Zita alipokula mzambarau wa Joakimu, fundi wa gereji, Mama Zita aliitwa kwenye kikao cha wazazi. Alikuja na gauni la kanisani, akaomba radhi, akaleta mche mwingine. Mwalimu akauandika: amehamia.

Kisha mtendaji wa mtaa akaomba takwimu za miti. Mwalimu akampa nakala ya daftari. Karatasi ikapanda ngazi, na mahali fulani njiani mtu akaona madarasa, wazazi na mahudhurio ya asilimia tisini na sita, akaipeleka upande wa elimu. Mwezi wa tatu akafika mthibiti ubora wa shule, dada aitwaye Leticia, viatu vimejaa tope.

"Shikamoo Mwalimu. Nimekuja kuiona shule."

"Marahaba. Ndiyo hii. Kanyaga taratibu, la kwanza wako miguuni pako."

Leticia alitazama matete, kisha mikuyu. Alikuwa ametoka mbali, na fomu yake haikuwa na nafasi ya kueleza jambo kama hilo. Akakaa juu ya jiwe, akajaza. Vyoo: hakuna. Nidhamu: nzuri sana. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi mia mbili na kumi na wawili. Alisema hiyo haikuwa hali mbaya kuliko zote alizoziona wiki ile.

Aprili kijito kilijaa. Kingo zilishika, ila mikuyu miwili ilikwenda na maji. Siku hiyo Mwalimu hakuita namba. Alikaa ndani, na mkewe Ludovika alipompelekea chai, aliiacha ikapoa.

Mwezi wa saba akaja kijana mwenye begi na barua ya kupangiwa kituo hapo kijitoni. Aliitwa Basili, mwalimu wa hisabati. Aliuliza ofisi iko wapi, akauliza na mtaala. Mwalimu Emilian aliisoma barua mara mbili, akaona mhuri ni halali, akamwonyesha ng'ambo ya pili ya kijito, iliyokuwa bado tupu, akamkabidhi jembe.