Mchuma Dawa Hasalimii

Mwaka 1974 nilikuwa msichana wa miaka tisa, na hapo ndipo shida zetu zilipoanza. Tulitolewa kwenye migomba yetu kule milima ya Ngara, tukapakiwa kwenye lori pamoja na kuku na mawe ya mafiga, tukashushwa kijiji cha ujamaa upande wa Biharamulo. Nyumba zilipangwa mstari kama watoto wa shule. Kama uliishi vijiji vile unajua: ukipiga chafya, jirani anajua umekula nini.

Kule mlimani bibi yangu alitengeneza dawa na hakuna aliyeuliza. Asubuhi, umande ukiwapo, alichuma majani ya mravumba, akayasugua viganjani mpaka maji ya kijani yakatiririka kwenye kibuyu. Harufu yake ilikaa puani hadi mchana. Ya kikohozi tulilambishwa na asali, ya homa ilichemshwa chunguni, nami nikachochea moto. Na kwetu anayekwenda kuchuma dawa hasalimii mtu hadi majani yaingie chunguni. Mlimani alikutana na nani? Mbuzi tu. Kijijini njia ya porini ilipita mbele ya milango kumi na mmoja.

Mama jirani alitoka kwingine, desturi hiyo hakuijua. "Shikamoo bibi!" Kimya. Kesho yake, "Shikamoo!" Kimya. Siku ya tatu akashika kiuno. "Bibi kizee, umemeza ufunguo? Au ndiyo unataka kunilia mwanangu?"

Wiki hiyohiyo mtoto wake mchanga akashikwa na homa. Bibi akampelekea dawa kwenye kikombe, ya kunywesha kijiko kijiko siku tatu. Mama akagoma. Balozi wa nyumba kumi akaitwa, watu wakajaa.

"Aonje mwenyewe kwanza," balozi akasema.

Hilo halikuwa tusi, kwetu mwenye kutoa huonja. Lakini mimi na kiherehere changu nikampokonya bibi kikombe, nikakimaliza chote, waone kwamba bibi yangu si mchawi. Nilitapika mbele ya watu wote mpaka nikalala chini.

"Mmeona?" mama jirani akapiga kelele. "Hata mjukuu wake!"

Mtoto alipona kwa sindano za zahanati. Jina la bibi halikupona. Watu waliacha hata kuja kuomba moto kwetu, naye akaacha kuchuma. Na mimi, nakwambia ukweli, nikaanza kuchungulia uji wake kabla sijaunywa.

Ikaja vita ya Kagera. Zahanati ikabaki na chupa tupu. Mtoto yule, sasa wa miaka minne, akashikwa na homa tena. Mama yake alikuja mchana kweupe, watu wakitazama, akapiga magoti mlangoni petu.

"Shikamoo bibi. Nisamehe. Nichemshie."

"Marahaba," bibi akajibu. "Dawa nimezisahau."

Nilimtazama usoni, sikuona kitu. Mpaka leo sijui kama alisahau kweli. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, mti niliujua, kipimo nilikijua. Nilinyamaza. Niliogopa nisije kuonyeshwa kidole kama yeye. Siku ya nne tukamzika mtoto. Sisemi majani yangemponya, homa kama ile huwashinda hata wenye sindano. Nasema sikuyachuma.

Bibi naye alikufa, akaondoka na miti yote aliyoijua. Ule mstari wa nyumba sasa ni mashamba. Wanangu wakikohoa wananunua vidonge, na hakuna mikono inayonuka kama ile.

Darasa la tatu sikumaliza, na hakuna aliyenipa kitu. Leo nina nyumba ya bati yenye vyumba vitano, niliyoijenga mbali na macho ya majirani, ekari sita za mihogo na maharage, ng'ombe wanne, fremu mbili za duka pale Lusahunga, na kreti la soda chumbani. Mgeni akija, chupa naifungulia mbele yake.