Mdomo wa Gesare

Watu hupenda kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Waje Gesima waone! Huku mama hamwelezi bintiye mambo ya mwili hata kwa dawa. Ni chinsoni, ile haya iliyowekwa baina ya mzazi na mwana. Kazi hiyo ni ya nyanya, magokoro kwa lugha ya huku, na Gesare aliifanya kwa wajukuu tisa bila hata mmoja kuharibikiwa.

Kisha mwanawe Alfayo akawa mzee wa kanisa. Mwaka wa sabini alimhamisha bintiye, Kemuma, kutoka nyumba ya Gesare, eti mafunzo ya kule ni ya kipagani. Akamwekesha mama yake mkono juu ya Biblia aahidi kunyamaza, la sivyo mtoto hatakanyaga kwake tena. Gesare akaahidi. Angefanyaje, naye Kemuma ndiye aliyekuwa furaha yake ya uzeeni?

Kemuma alikuwa na kichwa chepesi. Ukoo mzima ulingoja afanye mtihani wa darasa la saba, awe msichana wao wa kwanza kuingia sekondari. Mambo ya mwili aliachiwa mwalimu Ogada, mtu wa ziwani, aliyefunza afya kwa Kiswahili huku akitazama dirishani. "Wasichana, msilale na wavulana," alisema. Basi, somo likaisha. Kemuma akaliandika neno hilo daftarini na kulipigia mstari.

Agosti Kemuma na vijana wenzake wakaenda makambi ya kanisa. Oktoba, wiki tatu kabla ya mtihani, Kemuma alitapika darasani siku mbili mfululizo, akapimwa, akafukuzwa shule. Alfayo naye akamfukuza nyumbani. Alikimbilia kwa nyanyake, na Gesare akamuuliza imekuwaje, mtoto mwerevu kama yeye.

"Sikulala na yule mvulana wa makambi, magokoro," alisema, akimwonyesha ule mstari. "Ilikuwa mchana. Hatukulala."

Loo! Mtoto alikuwa ametii neno kwa neno. Gesare alimlaani Ogada na dirisha lake, akamlaani Alfayo na Biblia yake, kisha akaishiwa na watu wa kulaani.

"Wewe ulijua?" Kemuma aliuliza.

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka uendelee kuja kwangu."

Na kweli alikuja. Alikaa kwa Gesare miaka minane, akichuma majani chai na kulea mtoto, na hakumuuliza nyanyake swali lingine lolote.