Mume wangu aliwekwa mahabusu Shinyanga kwa sababu tu alizaliwa Burundi

Wakuu habari zenu. Mimi ni bibi wa wajukuu, msishangae kunikuta humu. Ninayoyasema yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Miaka ya sabini tulikaa Ushirombo. Mume wangu Laurenti alikuwa seremala. Mama yake alivuka naye mpaka wa nchi akiwa amembeba mgongoni, Burundi yenyewe hakuikumbuka.

Siku moja akaenda Shinyanga kununua misumari. Stendi akaulizwa na polisi, "Ulizaliwa wapi?"

Akasema ukweli.

Basi, hapohapo akawekwa ndani!

Nikapanda lori la pamba, mjamzito, nikamfuata. Afisa wa pale mahabusu akaniambia, "Mama, tulia. Mumeo hana kosa, ni mgeni tu."

"Kama hana kosa, mbona mmemfungia?"

"Tunasubiri kwao watujibu."

Kwao wapi jamani? Kwao ni Ushirombo!

Jibu lilipokuja likasema hawamjui. Mngedhani wamemwachia? Wapi! Burundi hawamtaki, na hapa hawamwachii. Yupo tu.

Tukavuna pamba, tukang'oa mashina, tukapanda tena. Nikajifungua. Kila nikienda ni "rudi mwezi ujao". Nilichoka mpaka nikaacha kulia, nikawa na hasira tu.

Kuna mahabusu mwenzake, alipotoka akanidokeza: mumeo hajawahi kufikishwa mahakamani.

Kesho yake nikambeba mtoto, nikamvizia hakimu akitoka kula mchana. "Mheshimiwa, shikamoo. Naomba unionyeshe kesi ya mume wangu."

Akaagiza aletwe. Kesi hakuna. Shitaka hakuna. Jioni ile Laurenti akatoka, amekonda, suruali kaifunga kwa kamba.

Yule afisa akanisindikiza mlangoni, eti, "Mama, si ungesema mapema?"

Wakuu, nilitamani nimzabe kibao.

Tulipofika nyumbani, mtoto akamlilia kama mgeni. Lakini kilichoniumiza zaidi ni asubuhi yake. Laurenti alisimama mbele yangu, mikono nyuma, akaniomba ruhusa ya kwenda chooni.

Choo alichochimba mwenyewe.

Nilichojifunza: ndugu yako akishikwa, usikubali neno "subiri". Uliza kosa lake ni nini na lini anapelekwa kwa hakimu. Mgeni naye ni mtu, ana haki ya kujibiwa hayo.

Mimi nilisubiri kwa heshima, nikadhani wakubwa wanajua wanachofanya. Walikuwa wamemsahau tu.

Mwenye ndugu aliyepitia haya aandike hapa chini, nasoma zote, ila msiandike herufi ndogo, macho yangu hayaoni vizuri.