Kitabu Kilichokataa Kushuka

Aibu yangu ina mashahidi wengi mno hata nisiweze kuikana, kwa hiyo acheni niisimulie mwenyewe kabla hamjaipata kwa wengine, maana huku mtaani kwetu Nyalukemba inasimuliwa kwa nyongeza (wapo wanaoapa kwamba niliruka kutoka juu ya meza kama popo, na hilo si kweli, sikuruka, nilikwama), na kwa kuwa nimefika umri ambao mtu hana tena sababu ya kujificha nyuma ya shahada yake, nitawaeleza jinsi mwalimu wa fizikia aliyeanza kuota mvi alivyopasukiwa na suruali mbele ya padri, mbele ya wazazi wa wanafunzi wake, na mbele ya mke wake mwenyewe, aliyekuwa amemwonya.

Kwanza mjue udhaifu wangu. Tangu ujanani napenda riwaya za kisayansi na zile za dunia za ajabu, na tangu ujanani zinaniangusha. Unakiona kitabu kwenye meza ya muuzaji kando ya barabara, jalada lina chombo kinachopasua mawingu na mji wa dhahabu unaoelea, unakipeleka nyumbani kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai, unasoma, unasoma, na chombo chenyewe kinatokea karibu na mwisho, tena kimeharibika, na waliomo ndani wanagombania urithi kama shangazi zangu. Kila mara naapa kwamba sasa basi, na kila mara jalada jingine linanirudisha. Mama Aline, mke wangu, huwaambia wageni kwamba ana wake wenza wengi, na wote ni majalada.

Basi Nsimire, msichana niliyemfundisha sekondari na ambaye sasa ni mtu mzima, aliponiletea riwaya yake ndani ya simu, iliyoandikwa kwa Kiswahili, kuhusu mji utakaoelea juu ya ziwa letu miaka mingi ijayo, ukiendeshwa na gesi iliyolala chini ya maji, moyo wangu ulidunda kama wa mtoto. Sura mbili za mwanzo mji ulipaa, nami nikapaa nao. Kisha ukatulia. Kurasa zote zilizofuata zilikuwa za watu: mwanamke anayetengeneza pampu, majirani zake, na mzee mmoja ambaye kila jioni hupita mlango kwa mlango akiuliza kama watu wamekula, ingawa mashine za mji ule zinajua nani amekula, amekula nini na kimemkaaje tumboni. Nilimshauri Nsimire, kwa upole wa mtu anayejiona amesoma vingi, amwondoe yule mzee, kwa sababu anaichelewesha safari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, na hakumwondoa. Tena akaniomba niwe parrain wa kitabu.

Hapo niwaeleze wasio wa huku. Kwetu Bukavu kitabu kipya hakipelekwi dukani hivi hivi; kinabatizwa kama mtoto. Kinatafutiwa baba wa ubatizo, ndiye parrain, watu wanavaa vizuri, hotuba zinasomwa, kisha parrain anakinyunyizia kinywaji chenye povu, anakitaja jina, anakikabidhi kwa umma, na ndipo kinaanza kuuzwa. Ni heshima kubwa, na kazi yake ni ndogo sana: kusimama wima, kufungua chupa, kunyunyiza kidogo. Mtu yeyote angeiweza.

Kilichokuwa kigumu ni baba yake Nsimire, Papa Mushagalusa, mfanyabiashara wa maharage, mkazi wa mtaa wa Muhumba, mtu wa misa ya asubuhi, ambaye hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa bintiye na alikuwa ameshatangaza mbele ya ndugu kwamba atakuja kwenye ubatizo ule mara moja tu, na akiona ni upuuzi, Nsimire ataacha mambo ya kuandika na kushika kazi ya ghala. Nsimire alinisihi niende kumtuliza. Nilikwenda. Kabla sijaketi mzee aliniuliza kama nimekula, nikamwambia nimekula, akaagiza niletewe chakula. Tulipomaliza akasogeza sahani kando.

“Prof, wananiambia mu hii kitabu watu wanaruka,” akasema. “Huku kwetu mutu anaruka bila ndege iko mulozi. Mutoto yangu anaandika ulozi?”

Nikamweleza kwamba si uchawi, ni sayansi, ni mambo ya kesho. Ningeishia hapo. Lakini ulimi ulionja utamu, nikamwahidi kwamba siku ile ataona jambo ambalo macho yake hayajawahi kuliona. Na kwa hilo, lazima nikiri, nilitimiza.

Sasa angalieni uamuzi mdogo ulioniangamiza. Nikiwa njiani kurudi nyumbani niliwaza: mzee amejazwa hamu ya kuona maajabu, na kitabu chenyewe, nakifahamu, hakina maajabu ya kutosha, hivyo kitabu kinahitaji msaada. Nami ndiye mwanafizikia. Niliamua kwamba badala ya kuwekwa mezani kama Biblia, kitabu kitashuka kutoka juu, polepole, kiking'aa, huku muziki ukipigwa, na kutua mikononi mwangu. Uzi wa nailoni ungepita juu ya boriti ya ukumbi wa parokia, Mama Aline angekaa nyuma ya pazia akiulegeza taratibu, na hakuna ambaye angeuona. Mke wangu alisikiliza mpango wote huku akichambua sombe, yale majani ya muhogo, akaniuliza kama meza ina ubaya gani.

Asubuhi ya siku yenyewe tulifanya jaribio, na kitabu kilishuka kwa adabu kama malaika. Nilifurahi mno hata nikaona niongeze kitu: nikakifunga kwa karatasi ya fedha ile ya jikoni, ili king'ae. Wanafunzi wangu nimewafundisha miaka mingapi kwamba ukibadilisha kitu kimoja katika jaribio, sharti ulirudie jaribio lote? Sikulirudia. Wageni walikuwa wameanza kuingia, tukakipandisha harakaharaka mpaka juu, kikajificha nyuma ya boriti, nami nikaenda kuvaa koti.

Ukumbi ulijaa. Papa Mushagalusa alikaa mstari wa mbele katika suti yake ya sikukuu, mikono juu ya magoti, Nsimire kando yake. Padri alifungua kwa sala, mimi nikasoma hotuba yangu juu ya swali lililonisumbua maisha yote, yaani kama hadithi za namna hii hutupa kile zinachotuahidi (nilijibu kwamba ndiyo, kwa ujasiri mkubwa), kisha nikashika chupa, tuliyoiita shampeni ingawa haikuwa na kileo hata tone, kwa heshima ya parokia. Nikainua mkono kuelekea darini. Nikasema kwa sauti nzito kwamba kitabu hiki hakitoki hapa, kinatoka juu. Watu wote wakatazama juu. Muziki ukapanda. Kitabu hakikushuka.

Nikarudia, kwa sauti nzito zaidi, nikakiamuru kishuke. Nyuma ya pazia nikaona kiwiko cha mke wangu kikivuta na kulegeza, kikivuta na kulegeza. Nikaamuru mara nyingine. Mistari ya nyuma ikaanza kucheka, nami (Mungu anisamehe) nikadhani ni furaha, nikatikisa chupa hewani ili kuichochea zaidi. Lakini upande wa akina mama wa kikundi cha sala hakuna aliyecheka. Mmoja alimnong'oneza mwenzake, na mnong'ono wake ulifika mpaka mbele.

“Anaita nani kule juu?”

“Sijue. We omba tu.”

Nikamwona Papa Mushagalusa akigeuza shingo kumtazama bintiye, na Nsimire akitazama sakafu. Wakati huohuo umeme ukakatika, kama kawaida yake, muziki ukafa, tukabaki na mwanga wa madirishani tu na ukimya, na ndani ya ukimya huo sauti ya mke wangu, ambaye alikuwa akinung'unika akijua muziki unamfunika na sasa muziki haupo, ikasikiwa na kila mtu.

“Nilikuambiaka, Papa Aline. Nilikuambiaka ile kitabu ibakie ku meza.”

Mtu mwenye busara angecheka, akachukua nakala nyingine katika boksi lililokuwa miguuni pake, na kuendelea. Mimi nilipanda mezani. Juu ya meza nikaweka kiti, juu ya kiti nikajiweka mimi, chupa kwapani kwa sababu hakuna aliyejitokeza kunipokea, nami sikutaka kuonekana nimeiacha kazi ya ubatizo. Kutoka pale niliona kila kitu: karatasi ya fedha ilikuwa imenasa kwenye msumari wa boriti. Nikanyoosha mkono. Nikavuta kidogo. Nikavuta sana.

Mambo yaliyofuata yalitokea kwa pamoja, na mimi huyatenganisha kwa ajili ya kusimulia tu. Karatasi ilipasuka na kitabu kikaruka (hatimaye). Kizibo cha chupa niliyokuwa nimeitikisa kililipuka, na povu lote likafuata njia ileile ya kitabu. Suruali yangu ikafunguka kwa nyuma, mshono wote, kwa sauti ambayo hata padri hakuweza kujifanya hakuisikia. Na mkono wa koti langu ukashikwa na ule msumari, nikabaki juu, mgongo ukutani, siwezi kushuka na sitamani kugeuka. Kitabu kilimgonga Papa Mushagalusa begani, kikaangukia mapajani mwake, kisha mvua ya shampeni ikamnyeshea, yeye na suti yake ya sikukuu na kitabu, vyote vikabatizwa kwa wakati mmoja.

Hakuna aliyecheka sasa. Nsimire alifumba macho. Nami kule juu niliona waziwazi kwamba nimemharibia: mzee atasimama, atatoka, na kazi ya ghala itaanza Jumatatu. Sijawahi kujiona mdogo hivyo nikiwa mahali pa juu hivyo.

Mzee hakusimama. Alitoa leso, akajifuta uso, akatazama kile kitu kilichomwangukia. Akafungua karatasi ya fedha, na alipoona kurasa zimelowa, akaanza kuzitenganisha mojamoja kwa leso yake ili zisigandamane, kama mtu anayemfuta mtoto pua. Ni mfanyabiashara; haoni mali ikiharibika akakaa. Alifuta ukurasa, akafuta mwingine, na katika kufuta macho yake yakakamatwa na kitu. Midomo ikaanza kwenda. Akakisogeza kitabu karibu na mwanga wa dirisha, akasoma kwa sauti, polepole, kwa lafudhi yake ya Kishi, lugha ya kwao, nasi sote tukasikia: ilikuwa jioni katika mji juu ya ziwa, na mzee mmoja alikuwa akipita mlango kwa mlango.

Alisoma mpaka mwisho wa ukurasa ule. Ule ule wa mzee niliyetaka aondolewe. Kisha akauliza, bila kumtazama yeyote ila bintiye.

“Mu ile miaka yote ya mbele, na mi niko bado napiga mulango?”

“Uko, papa,” Nsimire akajibu. “Mashini inajua watu wamekula. We unauliza tu.”

“Na wanafungulaka?”

“Wanafungulaka, papa. Kila siku.”

Mzee akaitikia kwa kichwa. Kisha akakifunga kitabu, akakiweka ndani ya koti lake lililolowa. Kwa desturi nakala iliyobatizwa ni ya parrain, na padri akamkumbusha kwa upole, lakini Papa Mushagalusa alisema ile ni yake, imemwangukia mwenyewe, na kwamba badala ya kugombania vitabu afadhali watu wamsaidie prof ashuke, kwa maana ana baridi huko nyuma. Hapo ndipo ukumbi ulipocheka, kicheko kirefu, cha kuponya, na mimi nikacheka nacho. Mama Aline alikuja na kitenge chake, akanifunga kiunoni bila kusema neno (maneno yalikuja baadaye, nyumbani, na yalikuwa mengi), na ni katika kitenge hicho, chenye maua makubwa ya njano, nilipokitaja rasmi jina la kitabu na kukikabidhi kwa umma. Boksi liliisha kabla umeme haujarudi.

Nimelitafakari mara nyingi swali nililolijibu kwa ujasiri katika hotuba ile. Nadhani kwa miaka yote nilikuwa nikivingoja vitabu hivi vinipe chombo kilichochorwa juu ya jalada, na nilipokuwa nahesabu kurasa nikikingoja, nilipita mbele ya milango mingi bila kubisha. Nashukuru Nsimire hakunisikiliza. Namshukuru mke wangu kwa kitenge, na hata ule msumari naushukuru. Kipande cha karatasi ya fedha bado kimening'inia pale, na vijana wa parokia wanakiita sayari ya prof.

Nimeshaombwa kuwa parrain wa kitabu kingine, kuhusu mazimwi. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba kitabu kitakaa mezani na mimi nitakaa chini, na kwamba mtu mwingine ndiye atakayeshika chupa. Naapa mbele yenu, na safari hii siapi juu ya jalada.

Papa Mushagalusa alikimaliza. Nilikutana naye akitoka misani, akanishika mkono akanivuta pembeni.

“Prof, ule muji haukuruka sana,” akasema.

Nikakubali kwamba haukuruka sana.

“Iko muzuri. Ningeogopa.”

Kisha akaniuliza kama nimekula.