Gitaa Lililopona Kupita Kiasi

Nianze na aibu yenyewe ili tusizungushane: mimi, mtu mzima mwenye mvi na shahada mbili, niliwahi kupiga magoti mbele ya wakwe nikiwa na kanzu mpya, spana mkononi, nikiharibu kwa makusudi gitaa ambalo nilikuwa nimehangaika kulitengeneza. Na watu wakanipigia makofi. Hadi leo nikipita Magomeni, hii yetu ya Mtwara, kuna akina mama wananiita Fundi, na hawanisifii.

Gitaa lenyewe lilikuwa la marehemu kaka yangu Mfaume, la umeme, jekundu, rangi imebanduka pale mkono wake ulipozoea kuegemea. Alilipiga kwenye bendi ya dansi hapa mjini Mtwara, na siku asizokuwa na kazi alilipigia barazani, binti yake Somoe akilala mkekani pembeni yake. Sasa Somoe alipopata mchumba, kijana wa Mahurunga, alinijia na ombi moja tu.

"Ba mdogo," akasema, "siku ya kuniaga sitaki muziki wa kwenye flashi. Nataka nitoke kwa gitaa la baba. Nikilisikia tu, natoka."

Nikamwambia mwanangu, hilo niachie mimi. (Nyimbo ninazozijua zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, lakini wimbo wa kaka umo.)

Yangeishia hapo, tungekula pilau tukalala. Lakini nilipokuwa nafanya mazoezi akapita binamu yangu Chande, ambaye kwa utani wetu ana ruhusa ya kunisema hata msibani, akasimama, akatega sikio.

"Binamu, hilo gitaa lina mafua? Wakwe watadhani umewafungia nyuki humo ndani."

Kweli lilikuwa linakoroma. Nyuzi zilikuwa chini mno, ukipiga zinagusa vile vyuma vyembamba vilivyopandwa shingoni, zinatoa zzzz kama mzee aliyeshiba. Mtu mwenye akili angecheka yakaisha. Mimi nikaamua kulitibu.

Nikaangalia video kwenye simu, nikajifunza kwamba ndani ya shingo ya gitaa kuna chuma kirefu kinachoizuia isipinde, na nati yake iko kule kichwani, unaizungusha kidogo tu kwa spana ya L, unasubiri mti utulie, unasikiliza, ndipo unaendelea. Nikafumba jicho moja nikaichungulia shingo kama seremala anayenunua ubao: imepinda kwa nyuma. Nikalegeza nati. Mkoromo ukahama, ukaenda nyuzi za chini. Nikageukia skrubu ndogo za pale nyuzi zinapoishia, nikazipandisha nyuzi, mkoromo ukahamia juu, nikaufuata huko huko. Ulikuwa kama panya wa darini, ukiziba huku anatokea kule, nami nilishaapa kwamba ndani ya nyumba hii atabaki mmoja wetu.

"Baba Rukia," mke wangu akaniuliza, "hilo gitaa limekukosea nini?"

 Nililegeza, nikapandisha, nikalegeza tena, mpaka likanyamaza. Kila sauti ikawa safi kama glasi iliyooshwa. Nyuzi zilikuwa juu kiasi kwamba kuzibonyeza ni kama kubana breki ya baiskeli, lakini halikoromi! Nikamwita Chande aje asikie. Akasikiliza, akanisifu, na Chande kunisifu ni jambo ambalo lingepaswa kunitisha.

Siku ikafika. Jioni, turubai uani kwa shemeji yangu Mwanahawa, huko Magomeni, mama yake Somoe, wakwe wa Mahurunga wamekaa mbele na sahani zao za korosho, na Somoe yuko nyumba ya jirani na kungwi wake, Bi Salima. MC akatangaza, "Tumpokee bibi harusi!" Nikapiga. Watu wote wakageukia mlango wa jirani, simu juu.

Mlango haukufunguka.

Nikarudia ubeti. Nikarudia tena, vidole vinawaka moto. Bwana harusi akaanza kuviangalia viatu vyake. Kisha mzee mmoja upande wa wakwe akauliza kwa sauti, "Binti kakataa?" Swali hilo likahama kiti hadi kiti, na lilipofika nyuma halikuwa swali tena: kakataa. Mama wa kijana akaweka sahani chini, akaanza kujifunga kanga vizuri, kama mtu anayejiandaa na safari.

Shemeji Mwanahawa akakimbia kwa jirani, akarudi anahema.

"Bi Salima kaziba mlango. Anasema ishara waliyopatana haijaja, hatoki mtu."

"Haijaja vipi, shemeji, na mimi natoka malengelenge hapa?"

"Somoe analia humo ndani. Anasema mmeazima gitaa la watu, hilo silo. La baba yake linakoroma."

 Chande, kiti cha nyuma yangu, akaniinamia, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na utani: "Binamu, mrudishie mafua yake."

Spana ilikuwa mfukoni (nilitembea nayo siku hizo kama daktari na kipimo chake). Nikapiga magoti pale pale. Nilisahau kuzima amplifaya, kwa hiyo kila nilipogusa skrubu spika zilitoa krrr, krrr mtaa mzima, na kipaza sauti kilichokuwa karibu kikanasa na maneno yangu: "Rudi, mshenzi wewe, rudi!" Mama wa kijana akaduwaa. MC akasema, "Wageni, fundi yuko kazini," wakaangua kicheko na makofi, nami jasho linanidondoka. Nikashusha nyuzi zote. Nikakaza nati, na hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana ikikatika hakuna gitaa na hakuna harusi. Nikakaza hivyo hivyo. Nikapandisha sauti za nyuzi upya, nikapiga uzi wa kwanza.

Zzzz.

Sikumaliza hata mstari. Mlango ukafunguliwa, Bi Salima akapiga kigelegele, na Somoe akatoka amefunikwa kanga, anatembea kwa ule mkoromo mbaya kuliko yote niliyowahi kuisikia, na wakwe wakasimama, mama wa kijana wa kwanza. Alipofika kwangu Somoe akasimama. Alipenyeza mkono kutoka chini ya kanga, akagusa pale rangi ilipobanduka, akapita.

Spana nimempa Chande, naye huja nayo kila shughuli ya ukoo kuniuliza kama leo kuna mgonjwa. Acha aulize. Mimi nimeapa: kabla sijatibu tena kitu chochote, nitamtafuta kwanza anayekipenda, nimuulize kama kinaumwa.