Breki Nilizomfungia Mteja wa Mjukuu Wangu

Shule sikukaa sana, lakini udadisi ninao, na ndio ulioniaibisha. Mjukuu wangu Rashidi ni fundi magari hapa Doha, bado yuko kwenye majaribio. Juzi nilimfuata gereji, nikamkuta amemaliza kufunga swichi kwenye gari la mteja mpenda mbio.

"Hii ya nini?"

"Inashikilia breki za magurudumu ya mbele, Bibi. Ya nyuma yanazunguka mpaka yatoe moshi."

"Mna wazimu."

Akaenda kumwita mteja. Mimi nikaingia garini, nikaitazama ile swichi. Nyumbani kwangu gari likiegeshwa linafungwa breki, hakuna mjadala. Nikaiwasha, nikashuka.

Mteja akaingia garini, akakanyaga breki, akatia gea, akaongeza mafuta. Gari likagoma pale pale, magurudumu ya nyuma yakapiga kelele, moshi ukajaa gereji.

Msimamizi wao, Mkenya, akawaka. "Rashidi! Umefunga nini hapa? Leo unaenda nyumbani!"

Nikamkemea mbele ya watu wote. "Usimfokee mtoto! Breki nimefunga mimi!"

Mteja akakohoa, akacheka. "Swichi iko sawa kabisa."

"Rashidi, wewe baki," akasema msimamizi, akinigeukia mimi. "Shosho ndiye anaenda nyumbani."