Bi. Verdell Anayewatafuta Wafu Kwenye Tovuti ya Kaunti

Jua bado halijachomoza, na gari kuukuu la bluu limeegeshwa nyuma ya maktaba ya Kaunti ya Hatchett, kusini mwa Georgia. Maktaba imefungwa, lakini mtandao wake hauzimwi, na ukisogea karibu na ukuta unaupata bure. Ndani ya gari yumo Verdell Tukes, mpishi wa shule ya msingi, ameshavaa aproni. Kompyuta ameiegemeza kwenye usukani, anaandika jina la mtu aliyekufa.

Hosea Mobley. Hakuna kitu. Anaandika la pili, Luvenia Crump. Hakuna. Kwenye kiti cha pembeni ana rundo la vijitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu na majina ya watoto aliowaacha. Kila nyumba ya waumini wa kanisa la New Canaan inavyo, vimebanwa ndani ya Biblia. Hivi ameviazima.

“Watu wanadhani nimechanganyikiwa,” anasema bila kuinua macho. “Waache. Kwenye tovuti hii walio hai hawana ardhi. Ardhi yote ni ya marehemu.”

Hatii chumvi. Wazee weusi wa Hatchett walinunua mashamba kwa jasho lao, wakafa bila kuacha wosia. Mahakama waliikwepa kwa sababu waliijua vizuri. Watoto nao wakaona heri ardhi ibaki kwa jina la babu, kwani likiandikwa jina la mmoja, huyo mmoja anaweza kuiuza. Utaratibu huo uliziweka familia pamoja vizazi vingi. Leo umekuwa mlango wa wezi, tena wezi wenye vibali.

Kodi ya ardhi ikichelewa, kaunti humwandikia barua mwenye shamba, yaani marehemu. Asipojibu, jina lake huwekwa kwenye tovuti, na Jumanne ya kwanza ya mwezi shamba hupigwa mnada kwenye ngazi za mahakama. Zamani tangazo lilitoka kwenye gazeti la hapa, mtu akalisoma huku akisubiri zamu yake kwa kinyozi. Gazeti lilifungwa. Ukiuliza siku hizi unajibiwa kwamba kila kitu kiko wazi mtandaoni, na anayekujibu anajua fika kwamba nusu ya wazee wa hapa hawana hata mtandao nyumbani. Inaudhi.

Bi. Verdell alijifunza hayo kwa gharama. Miaka mitatu iliyopita alisikia saluni kwamba shamba la babu yake, Ransom Tukes, lina deni. Mjomba aliyekuwa akilipa kodi alikuwa amepatwa na kiharusi, na hakuna aliyeshika nafasi yake. Akachukua simu, akatafuta mtandaoni habari za madeni ya ardhi Hatchett. Tovuti ya kwanza kutokea ilikuwa na picha ya ndege tai na bendera, kama ya serikali. Ikamtaka namba ya kadi, ikakata dola thelathini, kisha ikamwambia kwamba Verdell Tukes hana deni lolote.

“Nikalala usingizi mzuri kabisa,” anasema. “Niliandika jina langu. Ningeandika la nani? Nimezaliwa pale. Mimi ndiye ninayefyeka makaburi pale. Nani hapa mjini asiyejua kwamba lile ni shamba letu?”

Kompyuta haikujua. Ile tovuti haikuwa ya kaunti. Ni biashara ya watu wanaochota kumbukumbu za umma, ambazo ni bure, wakawauzia wenye haraka na wenye hofu. Ilipokea pesa yake bila kumuuliza ardhi imeandikwa kwa jina la nani. Tovuti halisi ya kaunti ilikuwa chini kabisa ya ukurasa, haina tai wala bendera, na haitozi hata senti.

Shamba likauzwa. Sheria inatoa mwaka mmoja wa kulikomboa, nao ukaisha kabla mtu yeyote katika ukoo hajapata habari. Walichokiona kwanza ni uzio. Makaburi yako ndani yake, na Bi. Verdell akitaka kwenda kuyafyeka hupiga simu kwenye ofisi ya mnunuzi kuomba ruhusa. Mara ya mwisho kijana aliyepokea alimuuliza ana uhusiano gani na mali hiyo.

Shemeji yake alimwambia mezani, mbele ya watoto, kwamba wajinga ndio waliwao.

“Nikamwambia sawa, nililiwa,” anakumbuka. “Lakini wewe ulikuwa wapi? Wewe ulitafuta jina la nani?”

Asubuhi hii jina la tatu ni Cleophus Baskin, na kioo kinaleta mstari mmoja: mnada, Jumanne ijayo. Bi. Verdell anaupiga usukani kwa kiganja. Haendi jikoni. Anaendesha hadi kwa Arnetta Baskin, binti wa marehemu, bibi wa miaka themanini na ushee anayeishi peke yake kwenye shamba hilo. Anamkuta na kikombe cha kahawa mkononi.

“Dada Arnetta, shamba la baba yako liko mnadani.”

“La baba? Baba hadaiwi na mtu.”

“Kaunti inasema anadaiwa. Wamemwandikia.”

“Wamemwandikia wapi? Nilimzika mimi mwenyewe.”

Kulipa deni hakukuwa na ubishi. Ubishi ulianza Bi. Verdell alipomwambia kwamba lazima jina lake liandikwe sasa kwenye hati ya shamba. Bibi aliweka kikombe chini. Wadogo zake wako Detroit na Chicago, watasema Arnetta amenyakua shamba.

“Na waseme,” Bi. Verdell alimjibu. “Wakija kusema, wakukute ndani ya nyumba yako.”

Bibi akaenda kubadilisha nguo. Walilipa mchana uleule, wakaanza na safari ndefu ya kukusanya saini za ndugu wote. Jikoni shuleni Bi. Verdell alipewa onyo la maandishi kwa kuchelewa, akalikunja akalitia mfukoni.

Jumanne ya mnada jina la Baskin halimo tena, lakini mengine yamo. Ofisa anasimama kwenye ngazi na kuyasoma mbiombio mbele ya wanunuzi wachache waliokwisha kuzoeana. Asiyekuwapo na lake halipo, na marehemu hawezi kuwapo. Leo, hata hivyo, Bi. Verdell amekuja na akina mama sita wa New Canaan, Bi. Arnetta akiwa mbele na fimbo yake.

“Rudia hilo jina,” Bi. Verdell anamwambia ofisa. “Polepole. Tuna watu wake wa kuwapigia simu.”

Ofisa anamtazama, anatazama karatasi, anarudia. Mnunuzi mmoja anaguna. Akina mama wameshatoa simu.

Mwezi ujao anataka kuleta kanisa zima. Mchungaji anasita, anasema ni kuaibisha familia hadharani. Bi. Verdell hamsubiri.

“Tutakaa kwenye ngazi zote, kuanzia ya juu mpaka ya chini,” anasema. “Anayetaka shamba la marehemu atapita katikati ya watoto wa huyo marehemu, na atatutazama usoni mmoja mmoja.”